Mathias Mnyampala: Kutoka Barazani Hadi Jukwaani

Jina la Mathias Eugen Mnyampala limeunganishwa na ngonjera kiasi kwamba ni taabu kulitaja moja bila ya jingine. Katika madarasa ya fasihi hutajwa kuwa mwasisi wa utanzu huo, hupewa sentensi mbili au tatu, na mhadhara huendelea na watunzi wengine. Msomaji aliyekulia Tanzania huikumbuka ngonjera kwa sura ya watoto wa shule ya msingi waliojipanga mbele ya mgeni rasmi, mmoja akijifanya mjinga na mwingine mjuzi, hadi mjinga akubali kushindwa na wote washangiliwe. Kwa hiyo mtu mwenyewe amefichwa na utanzu wake. Lililosahauliwa ni kwamba hakuwa mtu wa sanaa za maonyesho kwa elimu wala kwa ajira. Alikuwa karani, kisha hakimu, na muda mrefu wa utu uzima wake ulipita katika mabaraza ya Tanganyika akisikiliza watu wawili wakibishana mbele ya mtu wa tatu. Makala hii inayafuatilia maisha hayo kwa kuzingatia kwamba umbo la ngonjera, pamoja na udhaifu wake, haliwezi kueleweka vyema bila ya kulitazama baraza.

Mtoto wa Mtunya

Mnyampala alizaliwa tarehe 18 Novemba 1917 huko Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma, katikati ya Ugogo. Hapakuwa na wakati mbaya zaidi wa kuzaliwa Mgogo. Majeshi ya Waingereza yalikuwa yameuteka mji wa Dodoma mwezi Julai 1916, na mwezi uliofuata yakaiteka Kilosa, yakishuka kuelekea pwani kuwafuata Wajerumani. Pande zote mbili za vita hivyo zilijilisha kwa mifugo na nafaka za wenyeji, na pande zote mbili zilichukua wanaume kuwa wapagazi. Mvua zilipokosekana, watu walikuwa tayari hawana ng'ombe wa kuuza wala vijana wa kulima. Njaa iliyofuata, kati ya mwaka 1917 na 1920, Wagogo waliipa jina la Mtunya, yaani kinyang'anyiro. Inakadiriwa kwamba iliua watu wapatao 30,000 katika nchi iliyokuwa na watu kama 150,000. Waliosalia wengi walitawanyika kwenda kwa majirani au kutafuta kibarua.

Jambo hili lina uzito katika maisha ya mtunzi kwa sababu mbili. Kwanza, kizazi chake kilikua katika jamii iliyokuwa inajiunganisha upya: koo zilizochanika, watoto waliolelewa na jamaa wa mbali, madai ya ng'ombe na mahari ambayo mashahidi wake walikuwa wamekufa. Nchi ya namna hiyo huwa na mashauri mengi. Pili, Mtunya iliwafungua Wagogo kwa nguvu kuelekea ulimwengu wa reli na mashamba makubwa. Reli ya Kati, iliyofika Tabora mwaka 1912, iliwashusha vibarua kutoka uwanda mkavu wa Dodoma hadi katika mabonde ya Kilosa, ambako mkonge ulilimwa Kimamba na kwingineko. Huko walikutana na Wakaguru, Wasagara, Wavidunda, Waluguru na watu wa mbali zaidi, na lugha pekee waliyoweza kusemezana nayo ilikuwa Kiswahili. Itaonekana hapa chini kwamba mchanganyiko huo ndio uliokuja kuwa hadhira ya Mnyampala.

Alisomeshwa na misheni ya Kikatoliki, na Ukatoliki ulibaki naye hadi mwisho. Akaanza kazi kwa kufundisha. Hakukaa sana katika ualimu. Utawala wa Waingereza, tangu sheria ya mwaka 1926 iliyoletwa na Gavana Donald Cameron, ulikuwa umejengwa juu ya watemi na mabaraza yao, na kila mtemi alihitaji mtu wa kushika kalamu: wa kuandika kodi, wa kutoa stakabadhi, wa kurekodi mashauri. Mnyampala aliingia katika utumishi huo akiwa karani.

Kalamu ya karani

Yafaa kutua hapa, kwani ndipo mahali ambapo waandishi wengi wa wasifu wake hupita mbio. Karani wa baraza la wenyeji alikuwa mtu wa cheo cha chini na mwenye uwezo mkubwa. Mdai alisimama akaeleza shauri lake, mdaiwa akajibu, mashahidi wakaitwa mmoja baada ya mwingine, wazee wa baraza wakatoa maoni, kisha aliyekalia kiti akakata shauri. Mambo hayo yote katika Ugogo yalisemwa kwa Kigogo, tena Kigogo cha wazee, kilichojaa methali na mafumbo ya ufugaji. Lakini daftari liliandikwa kwa Kiswahili, maana ofisa wa wilaya alipokuja kukagua hukumu alilisoma kwa lugha hiyo. Kwa hiyo karani alikuwa mfasiri kila siku ya Mungu. Alisikia sauti nyingi kwa lugha moja akaziweka kwenye karatasi kwa lugha nyingine, kwa mpangilio mmoja usiobadilika: huyu kasema, huyu kajibu, hukumu ni hii.

Tunda la kwanza kubwa la kazi hiyo halikuwa shairi. Mwaka 1954, chini ya East African Literature Bureau, kilitoka kitabu chake cha Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika. Ndani yake mna habari za koo na asili zake, za watemi na mipaka yao, za ndoa, mahari na mifugo. Ni kazi ya mtu aliyesikiliza kwa miaka mingi watu wakitaja nasaba zao ili kuthibitisha haki ya kisima au ya ndama. Wanahistoria wamekitumia sana, na Gregory Maddox alikitafsiri kwa Kiingereza mwaka 1995. Kasoro yake ni kwamba kinaitazama jamii kutoka kwenye kiti cha mtemi. Wanawake, watumwa wa zamani na wahamiaji hawasemi sana ndani yake, kama ambavyo hawakusema sana katika mabaraza. Hata hivyo kitabu kiliwahi. Miaka tisa tu baada ya kutoka, mwaka 1963, serikali ya Tanganyika huru iliufuta utemi kisheria, na mengi ya mambo aliyoyaeleza kama utaratibu wa kila siku yakageuka kuwa historia.

Ni vema ikumbukwe pia kwamba mwaka huo wa 1954 ndio mwaka wa kuundwa kwa TANU, tarehe 7 Julai, na kwamba miongoni mwa waasisi wake alikuwamo mshairi, Saadani Abdu Kandoro. Kandoro aliyatumia mashairi katika mikutano ya kudai uhuru bila ya kuomba ruhusa kwa mtu. Mnyampala hakuwa na njia hiyo. Watumishi wa serikali walikuwa wamepigwa marufuku kujiingiza katika siasa mwaka 1953, na aliyeshika daftari la baraza alikula mkate wa utawala uleule ambao TANU ilitaka uondoke. Uanaharakati wake ulikuja baadaye, nao ulikuja kwa mlango wa mbele, wakati serikali na mshairi walikuwa upande mmoja. Tofauti hii kati ya washairi hao wawili haitajwi mara kwa mara, lakini inaeleza mengi. Kandoro alijifunza kutunga akiwa hajui kama atashinda. Mnyampala aliyatungia mambo ambayo yalikwisha kuamuliwa.

Mbara katika bahari za pwani

Kwa muda wote huo alikuwa akitunga mashairi. Uwanja wa mafunzo kwa watu wa rika lake ulikuwa kurasa za magazeti, hasa Mambo Leo lililoanzishwa na serikali Dar es Salaam mwaka 1923, ambamo watunzi wa bara na wa pwani walitegeana mafumbo, wakajibizana na kusahihishana. Magazeti yalipanda kwa treni, mashairi yakashuka kwa treni. Walimu, makarani, matarishi na askari waliokaa katika vituo vidogo vya reli walikuwa na chuo chao cha ushairi bila ya jengo wala mwalimu mkuu.

Katika chuo hicho Mnyampala alikuwa na hali isiyo rahisi. Kiswahili hakikuwa lugha ya mama yake. Hakuwa Mwislamu, na ushairi aliotaka kuumudu ulikuwa na mizizi katika utamaduni wa Kiislamu wa pwani. Mwaka 1954 huohuo Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye mwenyewe alikuwa mtu wa bara kutoka upande wa Ujiji, alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, akaziweka wazi kanuni ambazo awali zilipokewa kwa kusikia. Kitabu hicho kilikuwa muhimu kwa watunzi wa bara kuliko kwa wa pwani. Aliyezaliwa Mvita au Unguja hakuhitaji kuambiwa mizani ni nini. Kwa Mgogo, kanuni iliyoandikwa ilikuwa sawa na sheria iliyoandikwa: ukiishika, hakuna wa kukufukuza barazani.

Kutokana na hali hiyo inaeleweka kwa nini Mnyampala alikuwa mkali wa vina na mizani kupita wengi wa wenyeji wa ushairi huo, na kwa nini majina ya vitabu vyake yanapenda maneno ya Kiarabu. Waadhi wa Ushairi, kilichotoka mwaka 1965, ni mfano. Watetezi wa mashairi huru, walipozusha mjadala wao mkubwa katika miaka ya 1970, waliwahesabu watunzi wa aina yake kuwa wahafidhina waliong'ang'ania desturi. Hesabu hiyo haikuwa ya haki kamili. Mhafidhina hulinda alichorithi, ilhali Mnyampala hakurithi chochote katika hayo. Alikipata kwa jasho, na alikiona kuwa hati yake ya uraia katika lugha ya taifa jipya.

Diwani ya Mnyampala ilitoka mwaka 1963. Mwaka huohuo Utenzi wa Enjili Takatifu ulichapishwa, na baadaye akatunga Utenzi wa Zaburi. Tenzi hizi mbili hazisomwi sana siku hizi, lakini kwa mtazamo wa historia ya utanzu ni kazi za ujasiri. Utenzi wa Kiswahili ulikuwa umelelewa na visa vya Mtume na masahaba zake kwa karne kadhaa, na kuutia maneno ya Injili kulikuwa ni kudai kwamba chombo hicho ni mali ya wasemaji wote wa Kiswahili, wawe wa dini yoyote. Mnyampala hakuutangaza msimamo huo kwa nadharia. Aliutekeleza ubeti kwa ubeti. Anatajwa vilevile kuwa mvumbuzi wa bahari ya msisitizo, na hadithi yake ya Kisa cha Mrina Asali na Wenzake Wawili ilipata wasomaji wengi mashuleni.

Upande wa kazi, uhuru ulimkuta katika mfumo uliokuwa unabadilika. Sheria ya Mahakimu ya mwaka 1963 iliyaondoa mabaraza ya wenyeji chini ya watemi na kuyaingiza katika mfumo mmoja wa mahakama wa nchi nzima, na mahakama za mwanzo zikachukua nafasi ya mabaraza. Mtu aliyeanza kwa kuandika hukumu za wengine sasa alikuwa mwenye kuhukumu.

UKUTA na mwito wa mwaka 1968

Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania, kilichofupishwa kwa jina la UKUTA, kiliwakusanya washairi wa shule ya Mambo Leo chini ya paa moja, na Mnyampala akawa mwenyekiti wake. Kifupi hicho hakikuchaguliwa ovyo. Washairi hao walijiona kuwa ukuta wa lugha. Kwa kweli hali ya lugha iliwapa sababu ya kujitukuza. Mwezi Januari 1967 serikali iliagiza Kiswahili kitumike katika shughuli zake zote, na mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Kati ya matukio hayo mawili lilitangazwa Azimio la Arusha, tarehe 5 Februari 1967, na mwezi Machi ikafuata Elimu ya Kujitegemea.

Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaita washairi akawaomba waende kwa wananchi, walieleze Azimio na kuikuza lugha ya taifa kwa sanaa yao. Wito huo kwa kawaida huelezwa kama amri ya kisiasa iliyotiiwa. Lakini ukitazamwa kutoka upande wa Mnyampala unaonekana kuwa ni swali la kiufundi ambalo hakuna mshairi aliyekuwa amelijibu: shairi lililozoea kusomwa gazetini na karani mwenye miwani litafikaje kwa mkulima asiyejua kusoma? Kuliimba tu hakukutosha. Shairi la vina na mizani, likighanwa na mtu mmoja kwa beti ishirini, humchosha asiyelizoea. Mahubiri ya kisiasa nayo humchosha kila mtu.

Jibu la Mnyampala lilikuwa kuligawa shairi kwa vinywa viwili au zaidi, kuwapa wenye vinywa hivyo hali zinazopingana, na kuwasimamisha mbele za watu. Mzee na kijana, mkulima na mvivu, mwenye kuienzi lugha ya taifa na mwenye kuidharau: kila mmoja anasema ubeti wake kwa moyo, kwa ishara za mikono na uso, kisha mwenzake anajibu kwa vina vilevile. Hiyo ndiyo ngonjera. Mashairi ya kujibizana yalikuwapo muda mrefu kabla yake. Mombasa ya Muyaka bin Haji, aliyekufa mwaka 1840, ilijaa malumbano, na gazetini watu walijibizana kila mwezi. Jipya lilikuwa ni kwamba pande zote mbili zinatungwa na mtu mmoja, zinahifadhiwa na kuigizwa, na zinaelekea kwenye mwafaka unaojulikana tangu mwanzo.

Hapo ndipo baraza linapoonekana waziwazi. Mdai anaanza, mdaiwa anajibu, hoja zinapokezanwa kwa zamu bila ya kukatizana, na mwishoni upo ukweli mmoja ambao aliyeshindwa anaukiri mbele ya hadhara. Hata ule ungamo wa mjinga, unaowachekesha watazamaji wa leo kwa jinsi unavyokuja ghafla, una mfano wake katika desturi ya baraza, ambako haikutosha mtu kuhukumiwa. Alitakiwa aseme kwamba amekubali, ili ugomvi uishe na watu waweze kuishi pamoja tena. Mwanafunzi anayeuchukua ungamo huo kuwa udhaifu wa usanifu peke yake amesahau mtunzi alitoka wapi.

Ngonjera ilienea kwa kasi ambayo hakuna utanzu mwingine wa maandishi ya Kiswahili ulioifikia katika miaka hiyo. Haikuhitaji ukumbi, mapazia wala maleba. Ilihitaji mwalimu mmoja na wanafunzi wachache wenye kumbukumbu nzuri. Iliingia shule za msingi, mikutano ya TANU, sherehe za Saba Saba na za Mei Mosi, na vipindi vya redio. Na hapa ndipo inapofaa kuyarudia mabonde ya Kilosa. Ngonjera ilidai kitu kimoja tu kutoka kwa msikilizaji, nacho ni kuelewa Kiswahili. Katika kijiji cha uwanda wa Ugogo mwaka 1968 wazee wengi walikuwa wangali wanafikiri na kusemezana kwa Kigogo, na ngonjera iliwafikia kwa nusu. Lakini katika sehemu kama Tindiga, wilayani Kilosa, ambako wakulima wa asili mbalimbali na wafugaji wamekuwa wakiishi bega kwa bega, Kiswahili kilikwisha kuwa lugha ya soko na ya shule. Kwa hiyo yumkini utanzu wa Mgogo huyu ulikuwa na makazi ya asili zaidi nje ya Ugogo kuliko ndani yake. Aliandika kwa ajili ya taifa alilokuwa akilitarajia, wakati jirani zake wa Ihumwa walikuwa bado njiani kulielekea.

Mkatoliki ndani yake hakunyamazishwa na mwanasiasa. Katika kipindi hichohicho aliandika kazi aliyoiita Azimio la Arusha na Maandiko Matakatifu, akitaka kuonyesha kwamba ujamaa na Biblia havigombani. Inaelekea hakuandika hivyo kwa kujipendekeza. Mtu ambaye kizazi chake kilizaliwa katika njaa iliyoitwa kinyang'anyiro hakuhitaji kushawishiwa sana kwamba kugawana ni bora kuliko kunyang'anyana.

Hukumu kabla ya kesi

Mnyampala alifariki tarehe 8 Juni 1969, akiwa na umri wa miaka 51, mwaka mmoja tu baada ya wito ule. Ngonjera za UKUTA zilichapishwa na Oxford University Press baada ya yeye kuwa kaburini, kitabu cha kwanza kikitoka mwaka 1970. Hakuwahi kuona utanzu wake ukienea nchi nzima, wala hakuwahi kusikia ukilaumiwa.

Lawama zilikuja upesi. Idara ya Sanaa za Maonyesho ilikuwa imeanzishwa katika chuo kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1967, na mwaka aliokufa Mnyampala ndio mwaka Ebrahim Hussein alipochapisha Kinjeketile, tamthilia ambamo kiongozi anashikwa na shaka juu ya maneno yake mwenyewe. Vitabu hivyo viwili, Kinjeketile na Ngonjera za UKUTA, vilipishana kwa mwaka mmoja na vilitolewa na mchapishaji mmoja, lakini ulimwengu wao ni tofauti kabisa. Kwa vijana waliolelewa na idara ile, akiwamo Penina Muhando, ambaye baadaye aliandika kwa jina la Mlama, ngonjera ilikuwa imekuwa tarishi wa sera. Ilizibeba kauli za chama kuzipeleka kwa wananchi, na haikurudi na ujumbe wowote.

Lawama hiyo ni ya kweli, na haifai kufunikwa kwa heshima ya marehemu. Katika baraza halisi hukumu hufuata ushahidi. Katika ngonjera hukumu imeandikwa kabla ya kesi kuanza, na anayepinga amepewa hoja dhaifu kwa makusudi. Hakimu aliyefanya kazi hivyo kazini angefukuzwa. Mnyampala alichukua kutoka barazani utaratibu wa kusemezana, akaacha nyuma jambo linalolifanya baraza kuwa baraza, yaani uwezekano wa kwamba mnyonge atashinda. Ni jambo la kusikitisha kwamba mtu aliyesikia sauti nyingi za wakaidi wenye haki, kwa miaka mingi, hakumpa hata mmoja wao nafasi katika ngonjera.

Hata hivyo lipo jambo ambalo wakosoaji hawakulipima. Bertolt Brecht, huko Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1920 na mwanzoni mwa miaka ya 1930, alitunga michezo mifupi ya mafunzo kwa dhana kwamba anayefundika zaidi ni anayeigiza, si anayetazama. Hakuna sababu ya kudhani kwamba Mnyampala alimfuata Brecht. Lakini ngonjera ya shule inafanya kazi vivyo hivyo. Mtoto aliyepewa nafasi ya mjinga lazima azikariri hoja za mjinga, azitamke kwa nguvu, na azitetee mbele ya wazazi wake kwa beti kadhaa kabla ya kuungama. Kwa muda wa beti hizo, hoja ya upinzani imesemwa hadharani, kwa Kiswahili safi, na mtoto wa mkulima. Katika nchi ya chama kimoja hilo halikuwa jambo dogo, hata kama ungamo lilikuwa linangoja mwishoni. Mtunzi huenda hakulikusudia. Lakini umbo la baraza lina tabia yake, na haliwezi kumleta mdaiwa bila ya kumwacha aseme.

Mwaka 1971 ilianza Operesheni Dodoma. Wagogo walihamishwa kutoka kwenye tembe zao zilizotawanyika na kuwekwa katika vijiji vya ujamaa. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikwenda kukaa Chamwino, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Kati ya mwaka 1973 na 1976 zoezi hilo lilienezwa nchi nzima, Kilosa na vijiji vyake ikiwa mojawapo. Katika ngonjera mkulima anayekataa kuhamia kijijini hushawishiwa kwa hoja hadi akakubali. Katika uwanda wa Ugogo, nchi ya njaa za mara kwa mara, kulikuwa na msaada wa chakula na malori, na hapakuwa na beti za kujibizana. Je, Mnyampala angeyaonaje hayo, yeye aliyeandika historia ya makazi, visima na mipaka ya watu hao hao? Hakuishi kujibu, na si halali kumjibia.

Alichoacha ni tawasifu. Ilibaki kuwa mswada kwa miongo kadhaa wakati vitabu vyake vya ngonjera vikichakaa mikononi mwa walimu, na ilichapishwa Ufaransa mwaka 2013, miaka 44 baada ya kifo chake, ikiwa na jina alilolichagua mwenyewe: Maisha ni Kugharimia.